Mkanda wa ngozi wa begi la maleba: ngozi ipi, mshono upi, bizimu lipi

Mkanda wa kuiga, yaani nakala ya mkanda wa asili ulioonekana kwenye filamu, hujisaliti mahali pawili: ukingoni, na pale unapokunjwa kushika bizimu (kifungio cha mkanda chenye ulimi). Watu wengi huhangaika na rangi, lakini rangi hurekebishika hata siku moja kabla ya kupiga filamu. Ukingo unaoonyesha ngozi ya kijivu katikati, au mkunjo uliotuna kama kifundo kilichovimba, dawa yake ni kukata mkanda mwingine. Kwa hiyo kila chaguo hapa chini linapimwa kwanza kwa swali hili: ukingo na mkunjo utatokaje? Bei, rangi na uzito vinafuata baadaye.

Vipimo kwanza

Kama ulicho nacho ni picha za filamu tu, tafuta kitu ambacho kipimo chake unakijua kwa hakika na kilicho umbali uleule na mkanda kutoka kwenye kamera. Begi lenyewe ndilo bora. Tuseme begi lina upana wa sentimita 28 na kwenye picha linachukua nukta (pikseli) 350, na mkanda, pale unaposhikana na begi, unachukua nukta 40. Kila nukta ni milimita 0.8, hivyo mkanda una upana wa milimita 32. Usipime begani, kwa sababu bega likiwa karibu zaidi na kamera mkanda huonekana mpana kuliko ulivyo. Usipime pia mahali ulipojipinda, maana hapo huonekana mwembamba.

Rudia kwenye picha tatu au nne, kisha linganisha jibu na ukubwa wa mabizimu yanayouzwa. Mengi yana nafasi ya ndani ya milimita 25, 32 au 38. Ukipata 30.6, karibu kila mara ni mkanda wa 32 uliopigwa picha kwa pembeni kidogo.

Unene ni mgumu zaidi kuusoma. Angalia mkunjo wa bizimu: mkanda wa milimita 3 uliokunjwa bila kupunguzwa hutoa kimo cha milimita 6, na kimo hicho kinaweza kulinganishwa na fremu ya bizimu. Urefu usiutoe kwenye picha hata kidogo. Mvalishe mwigizaji maleba yote, pitisha futi ya mshonaji kutoka nyonga moja hadi bega la upande wa pili na kurudi, halafu ongeza milimita 65 za mkunjo na kama milimita 150 za ncha itakayopita kwenye bizimu. Mkanda wa kuvaliwa kiguoguo, yaani kutoka bega hadi nyonga ya upande wa pili, kwa mtu mzima mara nyingi huangukia kati ya sentimita 120 na 140.

Ngozi nne zinazowezekana

| | Ya magome | Ya hatamu | Ya kromiamu | Bandia |
|---|---|---|---|---|
| Unene wa mkanda | mm 3 hadi 3.5 | mm 3 hadi 3.5 | tabaka mbili za mm 1.8 | mm 1 juu ya utepe |
| Ukingo | hung'aa kwa kusuguliwa | hung'aa kwa kusuguliwa | hutaka rangi ya ukingo | hukunjwa ndani |
| Kuvutika | kidogo | kidogo sana | kwingi | kama utepe wake |
| Rangi | unaipaka mwenyewe | imeshatiwa | imeshatiwa | imeshatiwa |
| Maji | huacha doa | hustahimili | hustahimili | hustahimili usoni tu |

Ngozi ya magome ni ile iliyodabaghiwa, yaani kutiwa dawa isioze, kwa tanini ya miti. Kuitengeneza huchukua wiki kadhaa, na matokeo yake ni ngozi ngumu kiasi, iliyoshikamana, yenye kahawia hafifu kutoka uso hadi upande wa nyama. Ukiikata, ukingo una rangi ileile ya uso. Ukiulowesha kidogo na kuusugua kwa mti, nyuzi zake hulala na kung'aa kama kipande kimoja cha gogo. Hakuna ngozi nyingine inayokupa ukingo huo kwa kazi ndogo namna hiyo, na ndiyo maana kwa mkanda utakaoonekana kwa karibu hii ndiyo ya kuanza nayo. Ubaya wake ni kwamba tone la mvua huacha alama, na chuma kikiigusa ikiwa mbichi huacha doa jeusi au la buluu, kwa sababu tanini na chuma huungana na kuwa wino. Vumbi la waya laini wa kusugulia sufuria, likibaki mezani, linatosha kuharibu mkanda mzima uliotiwa maji.

Ngozi ya hatamu ni ndugu yake. Nayo ni ya magome, ila imeshindiliwa nta na mafuta kiwandani hadi ndani. Ina nguvu kubwa, haivutiki ovyo, na mvua haiitishi. Kama rangi unayoitaka ipo tayari, inakuokolea siku mbili za kazi. Kama haipo, iache: nta iliyomo ndani huizuia rangi mpya kupenya, nayo hubaki juu kama vumbi na kuchafua nguo.

Ngozi ya kromiamu hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu, na kazi hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Ni laini, haiogopi maji, na ndiyo inayotumika kwenye mikoba na makoti mengi. Kwa mkanda ina matatizo mawili. Huvutika, kwa hiyo begi la kilo tatu litateremka nyongani kadiri siku za kazi zinavyokwenda. Na ukingo wake, kama rangi haikufika katikati, una mstari wa kijivu au wa buluu hafifu ambao kusugua hakuufichi. Itabidi uupake rangi ya ukingo, tabaka tatu au nne nyembamba, ukipiga msasa katikati ya kila tabaka. Ukipaka nene mara moja, itapasuka kwenye mikunjo ya kwanza. Ichague tu kama mkanda wa kwenye filamu ni laini na unaning'inia kama kitambaa.

Ngozi bandia ina nafasi moja ya haki: waigizaji wa nyuma, wasiokaribiwa na kamera, au sehemu ambazo begi linatupwa majini. Ishonee juu ya utepe wa nailoni ili mzigo ubebwe na utepe, na kunja kingo ndani ili kitambaa chake kisionekane.

Ukishachagua aina, angalia kipande chenyewe. Mkanda ukatwe mgongoni, sambamba na uti wa mgongo, ambako nyuzi zimebanana. Tumbo huvutika na kujikunja pembeni, na mkanda uliokatwa nusu mgongoni nusu tumboni utapinda kama upinde baada ya kubeba mzigo. Kunja kona ya ngozi uso ukiwa ndani: vikitokea vikunjo vikubwa vilivyolegea, kama ngozi imeachana na nyama yake, kirudishe.

Tabaka moja au mbili

Mkanda wa tabaka moja, milimita 3.2, ni wa haraka, hukunjika vizuri begani na huzeeka kwa namna inayoaminika. Upande wake wa nyama utaonekana pale mkanda unapojigeuza, kwa hiyo uupake gundi nyepesi ya kulainishia au nta na kuusugua kwa chupa hadi vinyweleo vilale. Usipofanya hivyo utamwaga unyoya kwenye shati, na shati jeusi litauonyesha wote.

Tabaka mbili, kwa mfano milimita 2 juu na 1.4 chini, zikigandishwa kwa gundi ya viatu na kushonwa pembeni, hutoa mkanda wenye uso mzuri pande zote na usiovutika. Mstari wa mshono kandokando humwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni cha mtu mwenye uwezo au cha jeshi lenye karakana zake. Kama asili haina mshono huo, usiuweke kwa sababu tu unapendeza. Kosa la kawaida hapa ni kugandisha tabaka zikiwa zimelala bapa mezani. Mkanda ukija kuvaliwa, tabaka ya ndani hukosa nafasi na hujikunjakunja begani. Sehemu ya sentimita 30 itakayokaa begani igandishe ikiwa imepindwa juu ya ndoo au bomba nene.

Gundi ipakwe pande zote mbili, nyembamba, iachwe dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ikibandikwa ikiwa mbichi, hutengeneza mapovu, na mapovu hayo huja kufunguka ukingoni wakati wa kusugua.

Mkunjo wa bizimu

Hapa ndipo mikanda mingi hukatikia, na hapa ndipo macho ya mtu anayejua hukimbilia kwanza. Chukua ngozi ya magome ya milimita 3.2, pima milimita 65 kutoka mwisho na uweke alama ya mkunjo. Punguza unene upande wa nyama kwa kisu kikali, kuanzia kama milimita 15 kabla ya alama na kwenda hadi mwisho. Mstari wa mkunjo wenyewe ubaki na milimita 2, na ncha iteremke taratibu hadi milimita 1. Ukipunguza mkunjo hadi 1 ili ulale vizuri, umetengeneza mahali pa kukatikia, kwa kuwa mzigo wote wa begi unaning'inia pale.

Tundu la ulimi wa bizimu toboa kwa patasi ya duara ya milimita 4: vitundu viwili, kitovu hadi kitovu milimita 18, halafu kata kati yao kwa kisu. Unapata mwanya wa milimita 22. Miisho ya duara ni muhimu, maana kona iliyokatwa kwa kisu ndiyo inayoanza kuchanika. Lowesha mkunjo kwa sponji, uzungushe kwenye bizimu, ubane kwa vipande viwili vya mbao na uuache hadi ukauke kabisa. Ukishonwa ukiwa mbichi, ngozi husinyaa baadaye na mshono hulegea.

Sindano mbili, cherehani au ribiti

Mshono wa mkono wa sindano mbili hupitisha uzi mmoja kila tundu mara mbili, kutoka pande zote. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani inashikilia. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazofungana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika mstari unaweza kufumuka. Kwa jicho la kamera tofauti ni nyingine: mshono wa mkono umelala kimshazari kidogo, wa cherehani umenyooka. Kama kitu unachoiga ni cha kabla ya viwanda, cherehani itakuumbua.

Kwa mkono: uzi wa kitani au poliesta wa milimita 0.8 uliotiwa nta, tundu kila milimita 4, mstari milimita 3.5 kutoka ukingoni. Weka alama kwa uma wa kutobolea, toboa kwa msharasi (chombo chenye ncha kali cha kutobolea) ambao ncha yake ina umbo la almasi, shona kwa sindano butu. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, na uongeze kidogo kwa ngozi nene. Maliza kwa kurudi nyuma tundu mbili au tatu. Matundu yakienda zigizaga upande wa nyuma, msharasi haukushikwa wima. Mishono ikionekana kulala huku na huku bila mpangilio, mpangilio wa sindano umebadilika: amua ni sindano ipi inatangulia, na usibadili hadi mwisho.

Cherehani ya kawaida ya nguo haifai kwa milimita 5 na zaidi za mkunjo. Itaruka mishono au itavunja sindano. Ile ya viatu na mikoba mizito inafanya kazi, na kwa mikanda kumi ya waigizaji wa nyuma ndiyo jibu.

Ribiti, yaani misumari mifupi ya kugongwa ncha ili ibane ngozi, nazo zina aina zake. Zile za kofia, zenye shina tupu, hupigwa kwa nyundo moja na zinang'aa. Ndizo za mikoba ya kisasa, na zikibeba mzigo wa kuvutwa ghafla zinaweza kuachia. Ribiti ya shaba nyekundu yenye pete ni ngumu na ya kizamani: ipitishe, shusha pete hadi ikae, kata shina libaki milimita 2 juu ya pete, kisha ligonge kwa nyundo ya duara hadi lifunike pete kama uyoga. Ukiacha shina refu, hujipinda badala ya kupanuka. Ukiliacha fupi, halishiki.

Kwa mkanda utakaovutwa kwenye tukio la kupigana, mshono wa mkono pamoja na ribiti moja ya shaba ni salama kuliko kimoja peke yake, hata kama ribiti itabidi ifichwe chini ya kitanzi cha kushikia ncha.

Bizimu: shaba ya manjano au zinki iliyochovywa

Dukani vinafanana. Sumaku haitoshi kuvitenganisha, maana inashika chuma kilichochovywa lakini haishiki shaba wala zinki. Kwaruza sehemu itakayofichwa na mkunjo: shaba ya manjano ni njano hadi ndani, zinki ni kijivu chini ya ngozi nyembamba ya rangi. Zinki ina udhaifu mwingine: ikivutwa ghafla huvunjika bila kupinda kwanza.

Kwenye kuzeesha ndipo zinki inaposhindwa kabisa. Ukiipiga msasa inatoa kijivu, na hakuna kitu kilichotumika miaka ishirini kinachochakaa hivyo. Shaba, kinyume chake, iondoe vanishi kwa asetoni, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, juu ya kikombe kidogo cha amonia bila kuigusa, saa chache tu, ukiiangalia kila nusu saa. Itapita kwenye kahawia ya dhahabu hadi kahawia nzito. Itoe, ioshe, kisha isugue kwa kitambaa kwenye miinuko tu, mahali ambapo kidole kingepita. Fanya kazi hii nje, na usiwahi kukutanisha amonia na dawa ya klorini ya kufulia. Mvuke wake ni sumu.

Bizimu linalong'aa sana hurusha mwanga wa taa kwenye kamera. Nta ya rangi ya kahawia ikipakwa na kufutwa nusu inatosha. Sauti nayo ihesabiwe: ulimi uliolegea hulia kila hatua anayotembea mwigizaji. Kipande cha ngozi cha milimita 1 kikizungushwa kwenye mhimili wa bizimu kabla ya kushona hunyamazisha kelele hiyo.

Rangi na uchakavu

Usiichukue rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha. Filamu hupakwa rangi upya baada ya kupigwa, na taa za njano hugeuza kahawia yoyote kuwa ya asali. Tafuta kitu cheupe au cha kijivu kwenye picha hiyohiyo, rekebisha picha hadi kiwe cheupe au kijivu kweli, ndipo uitazame ngozi.

Rangi ya spiriti hupenya ndani na kukauka haraka, lakini ikikimbia huacha mistari. Rangi ya maji huenda taratibu, husambaa sawasawa zaidi, ila huikausha ngozi na hutaka mafuta baadaye. Kwa mkanda mwembamba mrefu, spiriti iliyopunguzwa nusu kwa nusu, ikipakwa mara tatu kwa sponji, hushinda moja nzito. Paka rangi kabla ya kusugua ukingo, kwa kuwa ukingo uliokwisha ng'aa haunywi rangi.

Rangi yoyote utakayochagua, futa mkanda mkavu kwa kitambaa cheupe hadi kisitoke na rangi, pande zote mbili. Kisha paka mafuta ya kwato za ng'ombe kidogo, usubiri usiku mmoja, ufunge kwa nta. Mafuta mengi hulegeza nyuzi na kuweka giza lisiloondoka. Jasho la mwigizaji chini ya taa litajaribu kazi yako ndani ya saa moja, na shati la kitani jeupe halisamehe.

Uchakavu uwe na sababu. Mkanda huchakaa begani upande wa chini, kwenye tundu lile moja linalotumika kila siku, na pale ncha inapotoka kwenye bizimu. Viringisha mkanda mkononi, ukunje na kuukunjua mara nyingi badala ya kuukwaruza. Kisha karatasi ya msasa namba 400 ipite kwenye kingo za sehemu hizo tu. Nta nyeusi isuguliwe kwenye vikunjo na ifutwe juu. Msasa uliopitishwa mkanda mzima kwa usawa hutoa kitu kilichosagwa, na mtu yeyote huona kwamba hakijawahi kuvaliwa. Dawa ya klorini isitumike kupausha: hula kolajeni (nyuzi zinazojenga ngozi), na mkanda huo utakatika wiki chache baadaye.

Nakala ngapi, na zipi

Mwigizaji mkuu apate ya magome, tabaka kama ilivyo ya asili, mshono wa mkono, shaba. Mbadala wake wa matukio ya hatari apate ya magome pia au ya hatamu, yenye ribiti iliyofichwa. Waigizaji wa nyuma wanatosheka na cherehani na zinki.

Nakala zinazobadilishana ndani ya tukio moja zikatwe kutoka ngozi moja, ubavu kwa ubavu, kwa sababu ngozi mbili za magome hunywa rangi tofauti hata ukitumia chupa moja. Kabla ya kutoboa matundu ya mwisho, ning'iniza kila mkanda kwa kilo tano usiku mzima. Utarefuka kidogo, na nakala hazitarefuka sawa. Ndipo utoboe, tundu la milimita 4 kila milimita 25, ukipima kutoka kwenye bizimu na si kutoka kwenye ncha. Andika namba ya nakala kwa kalamu ndani ya mkunjo, upande wa nyama, kabla haujashonwa.